Dere wa Punda Wawili

Godoro ndio alikuwa anapakia kwanza. Ukimuita akuhamishe, hata kama umepanga vitu vyako vizuri nje ya mlango, meza hapa, masufuria pale, yeye anapita zote anaenda kwa godoro. Analikunja, analilaza chini kabisa kwa mkokoteni, halafu ndio anaweka meza juu, na viti, na kila kitu. Alikuwa anasema godoro ya mtu si ya kuangaliwa na barabara. Hapa Kawangware watu wanahama kila mwisho wa mwezi, na wengi hawahami kwa kupenda, na godoro ndio inatoboa siri zote za nyumba. Yeye hakuwa mtu wa maneno matamu. Lakini godoro yako ilikuwa inafika kwenye inaenda bila mtu kuiona, na hiyo heshima ulikuwa hupati kwa mwingine.

Tulimuita Dere. Vijana wa steji ya matatu za 56 ndio walimpatia hiyo jina kwa kumchezea, kwa sababu dere ni mtu wa matatu, mtu wa usukani na miwani nyeusi, na huyu alikuwa mzee wa koti la mvua na punda wawili. Hakukasirika. Wakimwambia, "Niaje dere, unabeba mpaka tao?" yeye anawajibu, "Leo sibebi watu, watu wanashuka bila kulipa." Jina ikashika. Sijui kama kuna mtu hapa alijua ile ya kitambulisho.

Mimi nauza uji na mandazi karibu na duka la simiti na mabati, na hapo ndio alikuwa anangojea mzigo. Kwa hivyo asubuhi zangu nyingi nimezianza na huyo mzee. Uji wake bila sukari, kwa kikombe chake mwenyewe, kwa sababu alisema vikombe vyangu vinaonja sabuni. Mandazi alikuwa ananunua moja, anaipasua katikati, anapeleka nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Nikamuuliza, na yako? Akasema yeye si punda, hawezi kula mafuta asubuhi. Alikuwa anapenda kunichokoza na mambo ya kwetu, kwamba sisi watu wa ziwa tunaongea na mikono kama tunafukuza nzi, na mimi namwambia nyinyi Waluhya mkisikia kuku analia mnanawa mikono. Nilipoanza masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, nikaenda jioni na kitabu kwa kiondo, alinitangaza kwa wateja wote. "Mheshimiwa huyo anapita. Mwakani uji tutaandikiwa risiti."

Kitu alikuwa anaogopa ni moja, na alikuwa anaisema wazi kama mtu anasema ugonjwa wake. Watu wa ngozi. Ilikuwa imejulikana kila mahali kwamba ngozi ya punda inatafutwa, inapelekwa ng'ambo, inachemshwa huko inakuwa dawa. Tangu hapo punda wakaanza kupotea. Mwenye punda anaamka asubuhi anapata kamba imekatwa, na kando ya mto anapata mwili umeachwa uchi. Dere alisema yeye hataki nyumba ya mawe wala shamba la kuongeza. Anataka hao wawili wazeeke, wafe kifo chao, na wazikwe na ngozi yao.

"Mtu anazikwa na suti," aliniambia. "Punda azikwe na hiyo yake. Nimeomba kubwa?"

Nilisema hapana. Nilidhani ni ndogo.

Kabla ya punda alikuwa mtu wa ng'ombe. Huko kwao aliendesha ng'ombe wa kulima na wa kuvuta gari la mahindi, na kila kitu alijua kuhusu wanyama alikuwa amejua kwa ng'ombe. Ng'ombe wa jozi kila mmoja ana upande wake. Wa kushoto ni wa kushoto mpaka siku atachinjwa, huwezi kumgeuza. Na yeye akafundisha punda hivyo hivyo. Huyu mweusi mweusi alikuwa wa kushoto, yule wa rangi ya jivu wa kulia, na hata wakiwa wamefunguliwa, wakienda kunywa maji tu, walikuwa wanasimama hivyo, kushoto na kulia, na nafasi ya mti katikati yao. Hakuwapatia majina. Alikuwa anawaita Kushoto na Kulia, na aliwaongelesha Kiluhya. Sisi watu alituongelesha Kiswahili, na magari ya watu wakubwa yakimpigia honi aliyatukana na Kizungu. Alisema kila mtu atukanwe na lugha anaelewa.

Hata ile nira ilikuwa ya ng'ombe. Mti mzito, amechonga mwenyewe, unakaa juu ya shingo. Siku moja akapita msichana mmoja daktari wa mifugo, alikuwa anazunguka akiangalia punda wa mtaa na dawa kwa begi. Akamwambia kwa upole kabisa, mzee, ng'ombe ana nundu ya kushika nira, punda hana, punda anavuta na kifua, ndio maana hawa wako na vidonda shingoni. Weh. Dere alimfokea huyo msichana mpaka mimi nikaona haya. Akamuuliza kama yeye amevuta nini maishani mwake. Akamuuliza kama alizaliwa na punda. Msichana akampaka punda dawa akiwa anatukanwa, akaenda zake.

Wiki haikuisha, nikaona Dere ameenda kwa gereji hapo nyuma, akaomba mishipi ya gari mzee, ile unajifunga ukikaa mbele, akaishona na gunia ndani, akawafunga punda kifuani. Vidonda vikapona. Nikamwambia, kumbe yule msichana alikuwa anasema ukweli. Akaniangalia kama mtu amesahau. "Msichana gani? Hii niliota mwenyewe."

Huyo ndio alikuwa Dere. Alikuwa mkali na alikuwa mwongo kwa vitu vidogo. Ukimuuliza kama atafika saa nne anasema yuko karibu, na bado hajafunga punda. Mtu akimharakisha, anapunguza mwendo makusudi. Alikuwa anasema mzigo hauna miguu, wacha wenye miguu ndio waamue. Lakini kwa mlima hakuwa na mchezo. Mkokoteni wake ulitengenezwa na ekseli ya gari na matairi yaliyoisha, na hauna breki. Ukishuka ile njia ya kwenda mtoni na simiti, breki ni wewe. Alikuwa anatangulia mbele ya punda, anawageukia, anatembea kinyumenyume mikono imeshika mti wa katikati, visigino vinachimba murram, anaongea nao pole pole mpaka chini. Nilimwambia siku moja atateleza mzigo wote umpitie. Akasema wakimpitia ni sawa, lakini wakipitiwa wao akiwa amekaa juu kama bwana arusi, atawaambia nini. Sijawahi kumuona amekalia mkokoteni wenye mzigo. Ukiwa mtupu ndio anapanda, na hata hapo anakaa kando kando, kama mgeni kwa sofa ya watu.

Mimi pia alinihamisha. Wakati ule nyumba za upande wetu Kibera zilibomolewa kwa ajili ya barabara, na bwanangu alikuwa ameshakufa, na watoto walikuwa wadogo. Aliitwa na mtu wa kanisa. Akatoka huku Kawangware mapema kabla magari yajae Ngong Road, akafika akatukuta tumekaa juu ya vitu vyetu. Hakuuliza kitu. Akaenda kwa godoro. Tulipofika huku watoto wangu wawili wadogo walikuwa wamelala juu ya mkokoteni, na yeye alizunguka na punda ile mtaa yote mara nyingine kabla asimame, akisema Kushoto anataka kunyoosha miguu. Nilijua anawaachia walale.

Hapo unaweza kudhani alikuwa mtu mzuri kwa watu wote. Kwake nyumbani hakuwa. Alikuwa na bibi huko kwao na watoto wakubwa, na alikuwa anaenda mara moja moja, anarudi haraka, kwa sababu hao punda ataachia nani? Ndugu yake alizikwa bila yeye. Msichana wake mkubwa akaolewa bila yeye, akatuma pesa na maneno. Nilimuuliza kama haoni hiyo ni makosa. Akaniambia watu wana watu. Hao wawili wana yeye. Sikupenda hiyo jibu na bado siipendi. Mungu hakutupatia watoto ili tuwahesabie chini ya mnyama. Nilimwambia hivyo, na akaosha kikombe chake, akaenda.

Kuna jamaa mmoja mpakiaji alimpiga Kulia na paipu ya chuma mgongoni, kwa sababu punda alikuwa amesimama kwa njia. Dere alimpiga huyo jamaa mpaka wakapelekwa polisi wote wawili. Yeye akafungiwa. Punda walisimama nje ya hiyo stesheni na mkokoteni wao, jua limewaka, hakuna mtu amewafunga na hawaendi. Nilipeleka maji na beseni yangu ya kukandia unga. Askari akaniuliza, "Mama, hizi ni zako?" Nikasema ni za huyo mzee mko naye ndani. Akacheka, akasema basi wamtoe kabla punda waanze kuleta mashahidi. Wakamtoa jioni. Hakunishukuru. Aliangalia beseni akaniuliza kama nimeliosha kabla, maana punda hawapendi maji ya chumvi.

Kanisani hakuwa anaingia. Alikuwa anasema hawezi kuacha wanyama nje wakingojea wokovu wake. Lakini viti vya krusedi ni yeye aliyebeba, na hema, na spika, bila kuitisha kitu, na mahubiri yakianza alisimama kwa geti na mikono nyuma. Mwaka mmoja pasta akataka Jumapili ya matawi iwe ya kweli kweli, aingie kwa punda kama Bwana alivyoingia Yerusalemu. Dere akakubali. Wakachukua Kulia peke yake, kwa sababu ndiye mpole. Punda akatoka kwa geti, akatembea kidogo, akasimama. Wakamvuta. Wakaimba. Pasta juu, kanzu nyeupe, matawi kila mahali, punda hajigusi. Dere akasema kwa sauti ya chini, nilikuwa karibu naye, kwamba aliwaambia. Akaenda akamleta Kushoto, akamsimamisha mahali pake, na hapo hapo wakaenda wote wawili sawasawa mpaka madhabahu ikionekana. Watoto walifurahi kuliko Krismasi. Pasta alisema ni Roho. Dere alisema ni jozi.

Watu walikuwa wanapenda kumtupia ile methali ya asante ya punda ni mateke. Kila mtu akipita alidhani yeye ndiye wa kwanza kuisema. Alikuwa anawajibu kwamba amefanya kazi na punda na amefanya kazi na watu, na mahali ameumia anajua.

Kazi ilianza kuisha na tuktuk. Mwenye duka la simiti akanunua moja, ya buluu, inabeba mifuko na inafika kabla mtu amalize kuongea kwa simu. Hakumfukuza Dere. Alimwambia tu, "Mzee, siku hizi mteja anataka jana." Dere akaendelea kuja hapo na punda kila asubuhi, anasimama penye alikuwa anasimama. Anapata mchanga kidogo, anapata mtu wa kuhama mwenye hawezi tuktuk, anapata mitungi ya maji mifereji ikikauka. Bomba zikikauka ndio alikuwa anatabasamu, na mimi namkemea, kwa sababu sisi wengine tunateseka. Anasema na yeye ale nini, maombi?

Halafu Kulia akaibiwa.

Alikuja kwangu asubuhi bila punda, bila koti. Hakusalimia. Alisema wamempata kando ya mto, na akaonyesha na mkono tu huko chini. Mimi nilifunika uji nikamfuata. Sitaandika vile huyo mnyama alikuwa. Hakuwa na ngozi, inatosha. Kushoto alikuwa ameletwa pamoja na mkokoteni, amesimama upande wake wa kushoto, na nafasi ya kulia iko wazi, mshipi unaning'inia chini. Vijana wa gereji ndio walisaidia kupandisha. Dere akachukua ule mshipi wa kulia akajivika mwenyewe begani, kwa sababu Kushoto hakuwa anakubali kuvuta bila mtu upande ule. Hivyo ndio walimvuta mwenzao, mzee na punda, kutoka mtoni mpaka juu barabarani. Ile njia ni mlima. Tulisukuma kutoka nyuma.

Shida sasa ikawa ni wapi. Mtu ukiwa mpangaji huna hata udongo wa kupanda kitunguu, utazika punda wapi? Keretaker wa ploti yake akasema hapana, na kwa kweli hapo ni choo na kamba za nguo. Shule ikasema hapana. Mimi nikasema twende kwa pasta, na nilienda nikiwa na imani. Pasta hakuwa mbaya. Alitoka nje, akaangalia, macho yakamlowa.

"Mama Akinyi, nitachimba wapi? Hapa ni simiti mpaka kwa ukuta."

Na ilikuwa kweli. Na hiyo simiti yote ni Dere na hao punda walileta. Nilimuona Dere akiangalia chini.

Jua likawa kali. Mwisho kabisa ikaja lori ya takataka. Dere aliongea na hao vijana wa lori mwenyewe. Walikuwa na utu, wakatafuta gunia safi wakamfunika, wakampandisha pole pole, hawakumrusha. Dere akawashukuru mmoja mmoja. Lori ikaenda. Kushoto akapiga hatua kama anataka kufuata, halafu akasimama, kwa sababu mkokoteni ulikuwa bado umefungwa kwake, upande mmoja.

Baada ya hapo Dere alijaribu. Akaazimwa punda mwingine, mchanga, ana nguvu. Kushoto akamuuma. Akajaribu kumfunga Kushoto katikati peke yake kama wengine wanavyofanya, na huyo punda akawa anajisogeza kushoto, kushoto, mpaka mkokoteni unaingia mtaro. Ni yeye alimfundisha. Angemfundisha kama punda, si kama ng'ombe, angevuta peke yake. Alijua hiyo, hakuhitaji kuambiwa. Kwa hivyo akavaa ule mshipi akawa anavuta mwenyewe upande wa kulia. Mwanzo vijana wa steji walicheka, wakampigia kelele, "Dere amekuwa injini!" Baada ya siku chache wakaacha. Wengine walianza kusukuma bila kuitwa. Hata hivyo kifua chake hakikuwa kizuri, alikuwa amevuta vumbi ya simiti miaka hiyo yote, na siku moja akaweka ule mti wa mkokoteni chini mbele ya duka, akakaa juu ya mkokoteni, katikati kabisa, ukiwa na mzigo. Niliacha mteja nikaenda. Hakuniangalia. Nikajua kazi imeisha. Ndio maana nasema alikuwa, alikuwa, na mtu bado yuko.

Mwenye gereji akamwachia pembe ya nyuma, penye wanaweka magari yasiyo na injini. Hapo ndio anakaa mpaka sasa, yeye na Kushoto. Binti yake akaja kumchukua, yule mwenye aliolewa bila yeye. Alikaa kwangu akingojea mvua ipungue. Ni mama mzima sasa, mpole, ana macho yake. Aliniambia hawana hasira tena na baba, wanataka tu akalale kwao. Lakini punda hawezi kuja. Kwao shamba limegawanywa limekuwa kama leso, na hakuna mtu anajua punda. Nikamuuliza, na baba amesema nini? Akacheka, ile kicheko ya mtu amechoka kulia. "Amesema nikaribishe wote ama nimwache. Mama, sisi baba yetu aliolewa."

Akarudi kwao peke yake.

Niliona Dere hamtendei haki huyo msichana. Nikaenda siku ya Jumapili baada ya kanisa, na uji kwa chupa, nikiwa nimejipanga vile nitamwambia. Alikuwa amelala juu ya kiti cha gari, blanketi mpaka kidevuni, na Kushoto amesimama karibu naye, upande wa kushoto. Nilimwambia yote. Nikamwambia damu ni damu. Akanisikiza mpaka mwisho, na kwa Dere hiyo ni ajabu.

Halafu akanielezea, pole pole, akipumzika katikati ya maneno. Kwao mzee akifa, wanyama wake hawabaki. Siku ya matanga ng'ombe anachinjwa, watu wanakula, kuku wanaisha. Ndio desturi, na si mbaya. Lakini punda haliwi. Kwa hivyo punda atauzwa, ili chakula cha wageni kinunuliwe. Na siku hizi punda mzee wa upande mmoja ananunuliwa na nani?

"Watanizika na suti," akasema, "imelipwa na ngozi yake."

Nikasema basi tutamwangalia huku sisi, vijana wa gereji, mimi. Akatikisa kichwa. Alisema hao watu wa ngozi wameshapita mara kadhaa, wanauliza hali yake. Wanamsalimia vizuri kuliko watoto wake. Siku atakufa watakuwa hapa kabla pasta, na hao vijana wa gereji ni wazuri lakini wana njaa.

Kisha akaniuliza, "Mama Akinyi, wewe ukiomba unasikika?"

Nikamwambia Mungu anasikia kila mtu.

"Sitaki ya kila mtu. Nataka yako. Omba huyu afe."

Nilidhani ni homa. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu kama kamba.

"Kwanza huyu, halafu mimi. Usichanganye."

"Mzee, mimi sijawahi kuomba kitu ife."

"Mama yako alipokuwa anateseka uliomba nini?"

"Niliomba apumzike."

"Ehe. Hiyo ilikuwa nini?"

Kushoto alikuwa anatafuna karatasi ya unga. Dere akaniambia ameshaongea na vijana wa ile lori ya takataka. Punda akifa yeye akiwa hai, atakaa naye hapo mpaka lori ije, na watamfunika kama yule mwingine, na mtu hatamgusa. Ameshapanga. Kaburi hana, ameacha kuomba kaburi. Imebaki tu hiyo sehemu ya Mungu.

Niliweka mkono kwa shingo ya huyo punda, pale penye nira ilikuwa inamuumiza zamani, nywele zimeota nyeupe. Nikaomba. Niliomba kwa Kijaluo, ili Dere asisikie nikitafuta maneno. Nilimwambia Mungu amchukue huyu mnyama akiwa na mwenyewe. Sikujua kama naomba ama nakosea, na mpaka leo sijauliza pasta. Dere alisema amina kabla nimalize.

Nimeendelea. Nimesema nitaomba na mimi si mtu wa kuacha. Lakini mambo hayaendi vile tuliomba. Kushoto havuti mzigo tena, na vijana wanamletea maganda ya mboga kutoka soko, na mimi namwekea mabaki ya unga. Amenona. Manyoya yake yanang'aa. Hajawahi kuwa na afya namna hii tangu nimjue. Na Dere sasa hawezi kukaa bila kushikwa.

Kila asubuhi nikipita na beseni ya mandazi kichwani nachungulia kwa mlango wa gereji. Naangalia blanketi kwanza, kama inapanda na kushuka. Ikipanda nasema asante Bwana. Halafu punda anageuza kichwa, ananiangalia, mzima, masikio juu, na nashindwa kusema asante ya pili.